Nyonga, Kiuno au Paja? Kiswahili cha Fiziotherapia na Ugonjwa wa Kufa kwa Mfupa wa Nyonga

Mwaka 2013, Kigali Institute of Education (KIE), iliyoandaa walimu, na Kigali Health Institute (KHI), iliyofundisha wataalamu wa fiziotherapia, ziliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nchi. Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia wa Kigali anapompokea mgonjwa kutoka Nyamirambo, Goma au Bujumbura, Kiswahili chake ni sehemu ya tiba. Makala haya yanaeleza ugonjwa mmoja ambao neno moja likikosewa, mgonjwa anaweza kuchelewa kutibiwa.

Ugonjwa wenyewe

Nyonga ni kiungo ambapo kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mpira, huingia katika kikombe cha mfupa wa nyonga. Kichwa hicho hulishwa na mishipa midogo ya damu. Damu ikikatika, mfupa hufa kidogo kidogo, kisha kichwa hubonyea na gegedu huharibika.

Sababu ni nyingi: kuvunjika shingo ya mfupa wa paja au kuteguka nyonga, kutumia dawa za steroidi kwa wingi na kwa muda mrefu, ulevi wa kupindukia, na ugonjwa wa selimundu. Wengi wanaougua ni watu wazima ambao bado wana nguvu za kufanya kazi. Mwanzoni picha ya eksirei inaweza isionyeshe kitu. Ndiyo maana maelezo ya mgonjwa yana uzito mkubwa.

Maneno yanapopotosha

Maumivu ya kiungo cha nyonga husikika hasa kwenye kinena, na wakati mwingine hushuka pajani hadi gotini. Lakini wengi husema "kiuno kinauma", na msikilizaji akafikiria mgongo. Tazama mazungumzo haya tuliyoyabuni kwa ajili ya darasa:

Mtaalamu: Habari za asubuhi, mama. Unaumwa wapi?
Mama: Kiuno, daktari. Nikitembea kinauma.
Mtaalamu: Pole sana, mama. Hebu weka kidole panapouma.
(Mama anaweka kidole kwenye kinena.)
Mtaalamu: Je, maumivu yanashuka hadi gotini?
Mama: Ndiyo, hasa nikipanda kilima.

Swali la "weka kidole" limefanya kazi ambayo neno "kiuno" halikuweza kuifanya.

Kwa wazungumzaji wa Kinyarwanda kuna mitego zaidi. *Itako* la Kinyarwanda hutaja paja, ilhali *tako* la Kiswahili ni kalio. *Amavi* ni magoti, lakini *mavi* katika Kiswahili ni kinyesi! Aidha, *mguu* wa Kiswahili huweza kuwa mguu mzima au sehemu ya chini tu, yaani wayo na vidole. Mwalimu asiyafundishe maneno haya kwa kucheka tu na kupita. Ayafundishe kwa mchoro wa mwili.

Fiziotherapia hufanya nini?

Ni vizuri kusema ukweli tangu mwanzo: mazoezi hayarudishi damu katika mfupa uliokufa. Daktari wa mifupa ndiye anayeamua kuhusu dawa, upasuaji wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo, au kuweka nyonga bandia. Hata hivyo, fiziotherapia hupunguza maumivu, huzuia kiungo kukakamaa, huimarisha misuli na huandaa mgonjwa kabla na baada ya upasuaji.

Jambo la kwanza ni kupunguza mzigo. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, nyonga hubeba takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa kuwa misuli ya kando huvuta kwa nguvu ili kiwiliwili kisianguke. Kwa hiyo mwenye nyonga mbovu ya kulia hushika mkongojo kwa mkono wa *kushoto*. Wengi hufanya kinyume chake. Maumivu yakizidi, magongo mawili hutumika.

Pili ni mazoezi mepesi: kukaza misuli ya paja na makalio ukiwa umelala, kutelezesha kisigino kitandani, kuendesha baiskeli isiyosogea, au kutembea ndani ya maji. Kukimbia, kuruka na kubeba mizigo mizito huepukwa. Kipimo cha mazoezi hupangwa na mtaalamu kwa kila mgonjwa.

Tatu ni ngazi, ambazo hazikwepeki katika mji wa vilima kama Kigali. Agizo lake ni fupi: *Ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza mkongojo na mguu mgonjwa.*

Kazi ya darasani

Walimu wanaweza kutumia maagizo haya kufundisha hali ya kuamuru na vitenzi vya mwendo: *kunja, nyoosha, tanua, bana, zungusha, kaza, legeza*. Wanafunzi wagawanywe wawiliwawili. Mmoja atoe agizo kwa heshima ("Mzee, tafadhali kunja goti polepole"), mwenzake atende bila kuonyeshwa. Akikosea, wachunguze pamoja: je, kosa ni la mtendaji au la agizo?

Hospitalini swali hilo si zoezi. Mgonjwa aliyeelewa vibaya atakwenda nyumbani na mkongojo katika mkono usiofaa, na kila hatua itaendelea kuilemea nyonga ile ile tuliyotaka kuipumzisha.