Moshi Unaotoka Njiani

Watoto, mmekwisha kusikiliza kamio inapowashwa asubuhi na mapema, motere ikiwa bado baridi? Kamio nzima inanguruma kwa sauti moja. Lakini nyingine inatoa pia sauti ya kando: tak, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga debe kwa kijiti. Shofere akikanyaga esansi, sauti ile inakwenda mbio. Akiachilia, inapunguza mwendo. Baada ya dakika chache inafifia, na mara nyingine inanyamaza kabisa. Hapo shofere anafurahi na kusema: «Imepona.»

Haikupona. Sikilizeni habari ya shofere mmoja.

Huyo shofere alikuwa na kamio ya zamani, ya esansi. Alikuwa akichukua mchele kutoka Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, na kuupeleka Bukavu. Njia hiyo inapanda mlima wa Ngomo, kona baada ya kona, mpaka Nyangezi. Siku moja alimchukua mtoto wake wa miaka minane, akamketisha karibu naye mbele. Mvua ikaanza kunyesha, wakafunga vioo vyote.

Walipofika katikati ya mlima mtoto akasema: «Baba, kichwa kinaniuma.»

Baba akajibu: «Ni hizi kona. Lala kidogo.»

Mtoto akalala. Kamio ikaendelea kupanda polepole, motere ikilia kwa nguvu. Karibu na Nyangezi baba mwenyewe akaona kichwa kizito, na moyo ukamchafuka. Akasimama kando ya njia. Akamwita mtoto, mtoto hakuitika. Akamtikisa, kichwa kikaanguka upande. Baba akafungua mlango kwa haraka, akambeba, akamlaza nje penye upepo, katika mvua ile ile. Mtoto akavuta pumzi mara nyingi, akatapika, kisha akafungua macho. Watu waliokuwa wakipita wakawasaidia kufika dispensari. Mtoto alipona, lakini kwa siku mbili kichwa kiliendelea kumwuma.

Haikuwa kosa la kona. Sasa tufungue motere, tuone.

Ndani ya motere ya kamio ile mna silinda nne. Katika kila silinda esansi na hewa vinawaka kwa mshindo, na nguvu ile ndiyo inayozungusha magurudumu. Kilichoungua lazima kitoke. Basi kila silinda ina kilango chake cha kutolea moshi. Mbele ya vilango hivyo kumefungwa bomba nene la chuma lenye vidole vinne, kama mkono. Vidole vinapokea moshi wa silinda nne, kiganja kinaukusanya, halafu unapita katika bomba refu mpaka nyuma ya kamio. Bomba lile la vidole mafundi wa Kongo wanaliita kolektere. Kati yake na motere kunawekwa gasketi, yaani bamba jembamba la kuziba, na vyote vinakazwa kwa bolti na nati.

Kolektere inafanya kazi ya taabu sana. Maji yanachemka kwa digri 100. Moshi wa motere ya esansi inayopanda mlima unaweza kupita digri 600. Chuma kikipata moto kinanenepa na kurefuka. Pigeni hesabu ya fundi: kolektere ya sentimeta 50 ikizidi moto kwa digri 500, inarefuka karibu milimeta 3. Jioni inapoa na kurudi. Kesho inarefuka tena. Lakini motere yenyewe inapozwa na maji, hairefuki sawasawa nayo. Basi vyuma viwili vilivyofungwa pamoja vinavutana kila siku, miaka na miaka. Bolti za mwisho, huku na huku, ndizo zinazovutwa zaidi, na mara nyingi ndizo zinazokatika kwanza. Tena kolektere imetengenezwa kwa chuma cha kusubu. Chuma hicho kinavumilia moto, lakini ni kigumu bila kupindika. Mama yenu akimwaga maji baridi juu ya chungu kilicho motoni, chungu kinapasuka. Kolektere yenye moto mwingi ikimwagiwa maji, inaweza kupata ufa vile vile.

Basi penye ufa, au penye gasketi iliyoungua, moshi unatoka kabla ya kufika katika bomba refu. Motere ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila silinda inatoa moshi mara 300. Kila mara inasukuma kidogo penye tundu: ndiyo ile tak, tak. Chuma kikipata moto kinanenepa, tundu linajifunga, sauti inapungua. Lakini mlimani motere inasukuma kwa nguvu, na moshi unapata njia tena.

Moshi ule una hewa ya sumu, jina lake kaboni monoksidi. Haina rangi, wala harufu. Harufu mnayosikia katika moshi ni ya vitu vingine. Mtu asiyesikia harufu asifikiri kwamba hewa ni safi. Damu yetu inabeba oksijeni kutoka mapafuni. Sumu hii inaishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200, na oksijeni inakosa nafasi. Mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alilieleza jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1857. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, analegea, anasinzia. Kusinzia ndiko kubaya kupita yote, maana aliyelala hawezi kufungua dirisha. Motere za mazuti zinatoa sumu hii kidogo kuliko za esansi, lakini moshi wao nao si wa kuvuta.

Yule shofere alipofika Bukavu alikwenda kwa fundi mzee.

Fundi akamwuliza: «Mwanangu, sauti hii umeisikia tangu lini?»

«Tangu Pasaka, Mzee. Lakini ilikuwa ikinyamaza.»

Fundi hakusema neno. Alingoja mpaka kesho asubuhi, motere iwe baridi. Akachukua kipande cha mpira wa maji, akatia ncha moja sikioni. Ncha nyingine akaipitisha polepole karibu na kolektere, mbali na feni. Penye kidole cha nne sauti ikampiga sikioni. Akamulika kwa taa: palikuwa na alama nyeusi ya masizi, kama ulimi wa moto uliochorwa juu ya chuma. Motere ikiwa bado haijapata moto, akadondosha maji ya sabuni mahali pale. Povu likaruka. Tena akainama chini ya kanyagio za shofere, akaona mpira wa kuziba umeoza, na tundu linaingia moja kwa moja ndani alimolala mtoto.

Akazima motere. Akatia mafuta mepesi kwenye nati zenye kutu, akaziacha usiku mzima, maana nati yenye kutu ikilazimishwa inakata bolti. Hata hivyo bolti ya mwisho ilikuwa imekwisha kukatika ndani. Akaunganisha nati juu ya kisiki chake kwa moto wa kulehemu, akakizungusha kikatoka. Kazi hiyo peke yake ilimchukua nusu ya siku.

Kolektere yenyewe haikuwa na ufa. Heri yao, maana chuma cha kusubu ni kigumu kulehemu: sharti kipashwe moto kwanza, kisha kifukiwe katika majivu kipoe polepole, la sivyo kinapasuka tena kando ya kiraka. Fundi akakwangua masizi yote, akasimamisha rula ya chuma juu ya uso wa kolektere. Mwanga ukapita chini ya rula: chuma kilikuwa kimepinda. Ikapelekwa kusawazishwa kwa mashini.

Shofere akataka gasketi ya zamani irudishwe, apunguze gharama. Fundi akakataa, gasketi iliyokwisha kubanwa na kuungua haizibi tena. Wengine wanakata katoni. Katoni inaungua siku ile ile. Akaweka mpya, akakaza nati kidogo kidogo, akianza katikati na kwenda pembeni, mara tatu. Mwisho akaziba tundu la kanyagio kwa mpira mpya.

Asubuhi wakawasha motere. Shofere akatega sikio, akacheka. Fundi akamwambia: «Nenda Nyangezi, urudi, halafu iache ipoe.» Jioni, kolektere ilipokuwa baridi, akajaribu nati zote tena. Mbili zikakubali robo mzunguko.