Hadithi za Nyumbani na Kusoma Shuleni katika Tarime na Serengeti

Walimu wa Tarime na Serengeti wamjua mtoto huyu. Yu darasa la pili. Asimama, asoma ukurasa mzima kwa sauti safi, na akiulizwa amesoma habari gani, anyamaza. Si mpumbavu. Ameyakariri maneno kama wimbo, wala maana haijamfikia.

Sababu ya kwanza yafahamika. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ila chache. Mtoto wa Kikurya au wa Kingoreme huja shuleni na lugha ya mama yake. Lugha hizo ni ndugu za Kiswahili, lakini ndugu walioachana zamani. Kikurya kina irabu saba, Kiswahili tano. Tena wasemaji wake hawatenganishi r na l. Ndiyo maana mtoto huandika "kura" akitaka "kula", na "mahari" akitaka "mahali". Na hili la pili lachekesha, maana katika nchi ya ng'ombe mahari ni neno zito kuliko mahali. Kosa la namna hii halistahili kiboko, lastahili mazoezi.

Sababu ya pili haitazamwi sana, nami naiona kubwa zaidi: mambo yenyewe yaliyomo kitabuni ni mageni. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1929 vilitoka "Kisiwa chenye Hazina" na "Mashimo ya Mfalme Sulemani", vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza. Ni vitabu vitamu, ila havikutungwa kwa ajili ya mtoto wa huku. Hata hadithi zilizozaliwa katika Kiswahili nyingi zina harufu ya pwani: jahazi, mnazi, kadhi, sultani. Basi mtoto wa milima ya Tarime, azoeaye baridi, wimbi na zizi, hubebeshwa mizigo miwili kwa mara moja, lugha ngeni na nchi ngeni. Mmoja angeweza kuuchukua. Mtoto wa upande wa Mugumu akisoma habari za nyumbu wavukao Mto Mara, neno asilolijua hulikisia, kwa kuwa jambo analijua. Na kukisia huko ndiko kusoma kwenyewe.

Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 kwa msaada wa Kanada, umewatia moyo waandishi wa Tanzania wawatungie watoto wetu kwa Kiswahili. Ni kazi njema, lakini hakuna mtunzi wa mbali awezaye kulijua zizi la kila mtoto. Hapo mwalimu na ashike kalamu.

Watoto na wamwombe bibi hadithi jioni, kesho waisimulie darasani kwa lugha yao. Kisha mwalimu na darasa waitafute kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, ubaoni. Neno lisilo na mwenzake liachwe lilivyo: litungu ni litungu, ala ya nyuzi nane, kuliita gitaa ni kumdanganya mtoto aliyelisikia likipigwa.

Wazazi wengine watanung'unika kwamba hawakumleta mtoto asome fisi wa bibi yake. Na waonyeshwe daftari: Kiswahili kilichomo ni kingi kuliko kile cha kukariri.

Lakini si kila hadithi ya wazee yafaa. Ziko zisifuzo wizi wa ng'ombe kuwa ni ushujaa. Hizo naona zaweza kusomwa na wakubwa, mradi waulizwe watoto wa yule aliyeibiwa walikunywa maziwa gani asubuhi. Ile idharauyo ukoo mwingine isisomwe kabisa. Koo za Tarime zimepigana mara nyingi, damu imemwagika, na watoto wa koo hizo huketi dawati moja. Kule Serengeti, ambako Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata huweza kuchanganyika darasani, hadithi zichukuliwe kwa zamu, asiwepo mtoto ambaye nyumbani kwao hapakuombwa kitu.

Hadithi zikitimia kumi, zinakiliwe kwa mwandiko mzuri, zishonwe kwa uzi, ziwekwe mbali na panya. Darasa la kwanza la mwaka huu ndilo litakalozisoma mwakani.