Kompyuta ya Linux Ikikwama, Soma Kumbukumbu Kabla ya Kuweka Mfumo Upya

Kompyuta ya Linux ikikataa kufunguka baada ya nywila kuandikwa, wengi hukimbilia kwa fundi ili mfumo uwekwe upya. Hilo likifanywa bila kuhifadhi nakala, wasifukazi, kazi za shule na hesabu za biashara zinaweza kupotea. Mara nyingi hasara hiyo huepukika kwa kusoma kumbukumbu za mfumo.

Kumbukumbu hizo ni daftari ambalo kompyuta hujiandikia: saa, programu iliyohusika na kilichotokea. Katika mifumo kama Ubuntu na Fedora, daftari hilo husomwa kwa kuandika amri journalctl kwenye terminali.

Kwanza, usishtuke. Hata kompyuta isiyo na hitilafu huandika maonyo mengi. Mistari yenye Gtk-WARNING, au hata GLib-CRITICAL, mara nyingi huwahusu waundaji wa programu, na dirisha huendelea kufanya kazi kama kawaida.

Ujumbe hupangwa kwa viwango, kuanzia 0 ambacho ni dharura hadi 7 ambacho ni maelezo ya kiufundi. Kosa ni 3, onyo ni 4. Amri hii huonyesha makosa na mambo mazito zaidi tangu kompyuta ilipowashwa:

journalctl -b -p err

Pili, angalia saa. Andika wakati hitilafu ilipotokea, kisha tafuta mistari ya dakika hizo. Anza na kosa la kwanza, kwani yanayofuata huenda ni matokeo yake tu.

Kwa mfano, mtu huandika nywila sahihi, skrini humeta, kisha hurudishwa pale pale pa kuingilia. Kumbukumbu zikiwa na maneno "No space left on device", maana yake ni kuwa nafasi ya kuhifadhi imejaa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili kupata skrini ya maandishi, ingia, kisha andika df -h. Sehemu yenye faili zako ikionyesha asilimia 100, ondoa video na faili kubwa usizohitaji, kisha ujaribu tena. Hakuna haja ya kuweka mfumo upya.

Ukiomba msaada, peleka mistari yenye kosa, saa, na ulichokuwa ukifanya. Ipitie kwanza, kwa sababu huweza kuwa na jina lako au majina ya faili zako. Usitekeleze amri inayoanza na sudo kutoka kwa mtu usiyemjua kabla ya kuelewa kazi yake.

Fundi akisema lazima mfumo uwekwe upya, mwenye kompyuta ana haki ya kumuuliza maswali mawili: kumbukumbu zinasema nini, na je, nakala ya faili imehifadhiwa?