Akili Mnemba: Manufaa, Hatari na Wajibu wa Mtumishi wa Umma

Akili mnemba ni programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa mifano mingi hata ikaweza kutambua, kukisia na kupendekeza mambo ambayo hapo awali yalihitaji akili ya binadamu. Programu hizi zimekwisha kuingia katika hospitali, benki na ofisi za serikali za nchi nyingi. Hivyo ni vyema watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wakaelewa faida zake pamoja na madhara yake.

Faida zake si haba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa programu za aina hii zinaweza kutumika kusoma picha za eksirei za kifua, ili kuwabaini watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaohitaji kupimwa kifua kikuu. Pale pasipokuwa na daktari bingwa wa kusoma picha, msaada huo ni mkubwa. Hata hivyo, programu huonyesha dalili tu. Ugonjwa huthibitishwa kwa vipimo vya maabara.

Hatari zake nazo zimeshuhudiwa. Nchini Uholanzi, kuanzia mwaka 2013, Idara ya Kodi ilitumia programu yenye kujifunza yenyewe kuchagua maombi ya posho ya malezi ya watoto yaliyostahili kuchunguzwa. Miongoni mwa vigezo vyake ni iwapo mwombaji alikuwa raia wa nchi hiyo au la. Mtumishi aliyepokea jalada lililotajwa kuwa la hatari hakuelezwa sababu. Kwa kuwa sheria ilitekelezwa kwa ukali, kosa dogo katika fomu liliweza kumfanya mzazi adaiwe posho yote, na wako waliodaiwa makumi ya maelfu ya Euro. Maelfu ya familia ziliangamia kwa madeni pasipo haki. Tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kutokana na kashfa hiyo.

Ikumbukwe kuwa mashine haikutunga sheria wala haikutia saini barua za madai. Hayo yalifanywa na watu, ambao hawakuuliza jalada limeteuliwa kwa sababu gani. Kompyuta hufuata ilichofunzwa. Ikifunzwa upendeleo, huueneza kwa kasi isiyo ya kawaida.

Kwa hiyo, panapotumika programu hizi inafaa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mtumishi asitoe uamuzi ambao yeye mwenyewe hawezi kumweleza mhusika sababu zake.

(b) Taarifa za siri za wananchi zisiingizwe katika programu zisizoidhinishwa na ofisi husika.

(c) Mwananchi aliyenyimwa huduma aombe maelezo kwa maandishi, na rufaa yake isikilizwe na mtu.

Jawabu la "kompyuta imekataa" halitoshi. Mwenye dhamana ya uamuzi ni yule aliyeutia saini.