Makusudi Yetu na Neema ya Mungu

Mwisho wa mafungo ya mwaka kila mseminari huandika makusudi yake katika kaye. Nitaamka mara moja kengele ikilia. Nitashika kimya saa ya kimya. Sitasema tena mabaya juu ya mwenzangu. Nitafanya tafakari ya asubuhi pasipo kusinzia. Juma la kwanza kengele haijamaliza kulia, naye amekwisha kupiga magoti. Juma la pili anaanza kujisamehe kidogo, kwa sababu ya mvua au ya kichwa kuuma. Juma la tatu kaye imelala chini ya nguo katika sanduku, na mwenyewe anaogopa kuifungua.

Jambo hili si la seminari tu. Padri alikusudia kutoa nusu saa mbele ya Sakramenti Takatifu kila jioni, lakini kila jioni wako watu mlangoni. Katekista aliahidi siku ya Jumatano ya Majivu kwamba hataonja tena lutuku, na kabla ya Dominika ya Matawi watu wamemwona njiani akiyumba. Wote watatu wanaulizana moyoni neno moja: mimi ni mtu wa namna gani? Nilimwahidi Mungu, kisha nimemdanganya.

Hapa ndipo hatari inapoingia, wandugu, nayo ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Mmoja atasema: Basi, sitakusudia tena neno lolote, kusudi nisiwe mwongo. Mwingine ataacha kuungama, kwa maana anaona haya kurudi kwa padri yule yule na zambi ile ile. Wa tatu ataendelea kuandika makusudi mazuri kila mwaka kwa desturi tu, pasipo kuyaamini. Huyo wa tatu ndiye ninayemwogopea zaidi. Atapata upadri, atahubiri juu ya wongofu, na ndani yake atakuwa amekwisha kukata tamaa ya kuongoka.

Kwanza tujue vema kusudi ni kitu gani. Kusudi si nadiri. Nadiri ni ahadi anayopewa Mungu mwenyewe, kwa akili na kwa uhuru, juu ya jambo jema linalowezekana na lililo bora. Nayo inamfunga mtu, hata kuivunja ni zambi. Mwenye Heri Anuarite alifunga nadiri zake katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu mwaka 1959, na usiku wa tarehe 1 Desemba 1964 kule Isiro alikubali kuuawa kuliko kuvunja nadiri yake ya usafi. Kusudi halifungi hivyo. Ukikusudia kusoma sura moja ya Evanjili kila siku, ukasahau siku ya Alhamisi, hukutenda zambi kwa kusahau huko. Wenye zamiri yenye wasiwasi sharti waambiwe neno hili wazi, kwani wengine wanajitesa bure miaka mingi.

Lakini kuna kusudi moja ambalo si la hiari, ndilo kusudi la kutotenda zambi tena. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba toba ya kweli ina mambo haya: uchungu wa roho, kuchukia zambi iliyotendwa, na kusudi la kutoitenda tena. Pasipo kusudi hilo hakuna toba. Sasa yule katekista wa lutuku anauliza: Nimeungama mara kumi, nimeanguka mara kumi, je, mara zote kumi kusudi langu lilikuwa la uongo? Nikiungama leo, nami naogopa kwamba kesho nitaanguka, je, ungamo langu ni halali?

Mtakatifu Papa Yohane Paulo wa Pili alijibu jambo hili katika barua aliyomwandikia Kardinali Baum wa Mahakama ya Kitubio, mwezi wa Machi 1996. Alieleza kwamba mtu anayeujua uzaifu wake na kukumbuka yaliyopita anaweza kuogopa kuanguka tena, na woga huo hauondoi ukweli wa kusudi lake, kama yuko tayari kushindana kwa msaada wa neema. Halikuwa fundisho jipya. Waalimu wa teolojia walikwisha kulitambua kwa namna hiyo hiyo. Kusudi ni tendo la nia ya leo. Kuona mbele ni tendo la akili. Akili inaweza kusema: "Inaonekana utaanguka", na nia ikasema kwa kweli: "Sitaki". Mgonjwa wa homa anaweza kuogopa kwamba homa itarudi wakati wa mvua. Hatuwezi kusema kwamba hataki kupona.

Mtu aliyeichungua vita hii ya ndani kuliko wengine wote ni Mtakatifu Augustino. Alizaliwa Thagaste, katika Afrika ya Kaskazini, mwaka 354. Akiwa kijana alimwomba Mungu ampe usafi wa moyo, lakini akitamani neema hiyo ikawie kidogo njiani. (Nani kati yetu hajasali sala ya namna hiyo?) Mwaka 386 alikuwa Milano, mwalimu mwenye sifa. Akili yake ilikuwa imekwisha kushindwa. Alijua dini ya kweli iko wapi. Lakini hakuweza kuacha desturi zake. Siku moja Mwafrika mwenzake, jina lake Ponticianus, alimsimulia habari za Antoni wa Misri, na za watumishi wawili wa mfalme walioacha yote mara moja baada ya kusoma maisha yake. Mgeni alipokwenda, Augustino aliingia bustanini, rafiki yake Alypius akimfuata nyuma.

Yaliyotokea huko aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha nane cha Maungamo yake. Alivuta nywele zake, akajipiga kipaji cha uso, akafunga vidole na kukumbatia goti. Kisha akaona neno la ajabu. Mkono unatii mara moja roho inapouamuru. Ni vigumu hata kutambua wakati kati ya amri na tendo. Bali roho ikijiamuru yenyewe kutaka, haitii! Sababu yake ni nini? Augustino alijibu kwamba nia yake haikutaka kwa ukamilifu. Alitaka nusu, akakataa nusu. Wala hazikuwa roho mbili ndani yake, moja njema na moja mbaya, kama walivyofundisha Wamanikeo aliokuwa amewafuata. Ilikuwa roho moja iliyopasuka, nayo ilikuwa ni yeye mwenyewe pande zote mbili.

Ndipo aliposikia sauti ya mtoto ikimwalika kuchukua na kusoma. Akafungua barua za Mtume Paulo, akakuta maneno ya barua kwa Waroma, sura ya 13, juu ya kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Bwana Yezu Kristu. Tazameni vema: yale maneno hayakumpa mpango mpya wa kujitawala. Yalimwonyesha Mtu wa kuvaa. Siku ya Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrosio.

Watu wengi wanamaliza hadisi hapo, kana kwamba tangu siku ile Augustino hakupigana tena. Wanakosa. Sharti kusoma na kitabu cha kumi. Huko, akiwa sasa askofu, anaungama mbele ya watu wote vishawishi vilivyobaki: chakula, sifa za watu, utamu wa nyimbo kanisani, na udadisi wa macho. Anasema kwamba akikaa nyumbani, mjusi akikamata nzi, au buibui akiwafunga katika utando wake, mawazo yake yanakwenda huko. Mwalimu mkubwa hivyo wa Kanisa, na mjusi anamtoa katika tafakari! Mseminari anayepotewa na mawazo asubuhi asikate tamaa upesi.

Tena katika kitabu hicho Augustino anamwomba Mungu ampe kwanza lile analoliamuru, kisha aamuru analotaka. Sala hiyo ilipotajwa Roma mbele ya Pelagius, huyu hakuweza kuivumilia. Pelagius alikuwa mtu mwenye maisha magumu, si mvivu hata kidogo. Alifundisha kwamba mtu akitaka kwa kweli, anaweza. Mtaguso wa Carthago wa mwaka 418 ulilaani mafundisho yake. Lakini uzushi huu haukufa. Unafufuka kila mwaka siku ya mwisho ya mafungo, mtu anapoandika "mimi nita-, mimi nita-", na jina la Yezu halimo katika ukurasa wote.

Upande wa pili liko kosa la wavivu: Mungu akitaka nibadilike, atanibadilisha. Hilo nalo Kanisa linalikataa. Mtaguso wa Trento mwaka 1547, ukifuata maneno ya Augustino mwenyewe, ulifundisha kwamba Mungu haamuru yasiyowezekana. Anapoamuru anatuonya tutende tunayoyaweza na kuomba tusiyoyaweza, naye anatusaidia tuweze. Kutenda na kuomba, yote mawili katika siku moja ile ile.

Sasa tumwangalie Simoni Petro. Usiku ule wa karamu ya mwisho alikusudia kwa nguvu kuliko wote: hata kufa angekufa na Bwana. Hakuwa akidanganya. Bwana wetu alijua kwamba ataanguka kabla jogoo hajawika, akamwambia, kadiri ya Luka, kwamba amekwisha kumwombea. Alimwombea nini? Hakusema kwamba alimwombea asianguke. Alimwombea imani yake isipungue, kusudi akigeuka awaimarishe ndugu zake. Na baada ya Ufufuko, kando ya ziwa, Yezu hakumdai Petro kusudi jipya lenye nguvu kuliko la kwanza. Alimwuliza mara tatu kama anampenda. Petro naye hakutaja tena nguvu zake mwenyewe. Alijibu kwamba Bwana anajua yote.

Tuje sasa kwa matendo, kwani imani haituondolei kazi ya kutengeneza makusudi yenye akili. Kosa la kwanza ni wingi. Mtu mwenye makusudi kumi na mbili hana hata moja. Kosa la pili ni upana: "Nitakuwa mpole." Kwa nani? Saa gani? Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha kuingiza watu katika ibada, kilichotoka mwaka 1609, anataka kusudi lishuke mpaka kwa mtu fulani na neno fulani. Kwa mfano: Leo, mwenzangu wa chumba akinicheka tena, nitanyamaza, na saa ya chakula nitampa sahani kwanza.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola alitupa chombo cha kazi hii, nacho kinaitwa mtihani wa pekee wa zamiri. Kimo katika Mazoezi ya Roho, kitabu kilichokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Unachagua kilema kimoja tu. Asubuhi, mara ukiamka, unakusudia kujilinda nacho. Baada ya chakula cha mchana unamwomba Mungu neema ya kukumbuka mara ngapi umeanguka, unapita saa kwa saa tangu kuamka, na kutia nukta kwenye mstari kwa kila anguko. Kisha unakusudia upya mpaka mtihani wa pili. Baada ya chakula cha jioni unafanya vile vile kwenye mstari wa pili. Kila siku ina mistari yake miwili. Unalinganisha mchana na jioni, leo na jana, juma hili na lililopita. Na kila mara unapoanguka, unagusa kifua kwa uchungu. Unaweza kufanya hivyo hata mbele ya watu, wala hawatambui. Katekista asiye na kaye atatumia maharagwe katika mifuko miwili. Sioni kama Mtakatifu Ignasi angekasirika. Kazi ya nukta ni kukufundisha saa na mahali. Ukiona zote zinaangukia saa tatu ya usiku, unajua mlango wa adui uko wapi. Mwenye kupoteza usingizi kwa sababu ya telefone aiache chumba kingine kabla ya sala ya usiku. Mwenye lutuku abadilishe njia ya kurudi nyumbani, hata ikiwa ndefu.

Na baada ya kuanguka? Fransisko wa Sales anatukataza kuukasirikia moyo wetu. Tuuseme kwa upole, kama baba anayemwonya mtoto, kisha tuuinue. Gazabu ile kali tunayojifanyia mara nyingi ni kiburi: tunashangaa kwamba sisi, watu wakubwa hivi, tumeanguka. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu alimfundisha mnovisi mmoja kwa mfano wa mtoto aliye chini ya ngazi. Anainua mguu, anaanguka. Anainua tena, hawezi kupanda hata kipandio cha kwanza. Lakini Mungu anayemtazama toka juu atashuka mwenyewe kumchukua mikononi. Kitu kimoja tu kinadaiwa kwa mtoto: asiache kuinua mguu.

Nyinyi mapadri mnaoketi katika kiti cha maungamo, yule katekista akirudi mara ya kumi na moja, msimwulize kama safari hii ana hakika. Hana, naye hawezi kuwa nayo. Mwulizeni kama leo anachukia zambi ile, kama atasali kila siku kuomba msaada, na atapita njia gani Jumamosi jioni. Akijibu vema mambo hayo, mpeni ondoleo, na kumwambia arudi upesi akianguka, asingoje Pasaka.