Alama ya Faili: Namna ya Kuitambua Programu Isiyobadilishwa

Tuchukue mfano. Mwalimu wa sekondari mjini Kilosa amepakua programu ya LibreOffice kutoka katika intaneti. Mwenzake wa Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, anaihitaji. Basi inanakiliwa katika flashi na kupelekwa. Njiani flashi inachomekwa katika kompyuta mbili tatu. Jina la faili halikubadilika. Je, mwalimu wa Mikumi atajuaje kwamba virusi havikupenyezwa ndani yake, visije vikaharibu alama za mitihani zilizomo katika kompyuta ya shule?

Jina si ushahidi, kwani mtu yeyote aweza kulibadili. Ushahidi hutokana na yaliyomo. Kila faili ni mfuatano wa tarakimu 0 na 1. Kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2002, huuchanganya mfuatano huo wote, uwe mfupi au mrefu, na kutoa jawabu la biti 256, ambalo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Jawabu hilo huitwa heshi. Ikibadilika biti moja tu ya faili, heshi hubadilika kabisa. Idadi ya heshi ziwezekanazo ni namba yenye tarakimu 78. Kwa hiyo haitazamiwi faili mbili tofauti zigongane.

Basi kabla ya kuifungua programu, mwalimu aikokotoe heshi yake: katika Linux kwa amri ya sha256sum, na katika Windows kwa certutil. Kisha ailinganishe na ile iliyotangazwa na watengenezaji wenyewe. Heshi iliyokuja ndani ya flashi ile ile haifai, maana aliyeibadili faili angeweza kuibadili nayo.

Hapana budi pia kuchagua kanuni imara. MD5, ya mwaka 1991, ilivunjika mwaka 2004, Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha data tofauti zenye heshi moja.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutunza maktaba ya heshi za programu zinazojulikana, ili wapelelezi wasipoteze muda kuzichunguza upya. Lakini kujulikana si kuwa salama: heshi huthibitisha kwamba faili ni ile ile, haithibitishi kwamba ni njema.

Wanafunzi na wajaribu: andikeni sentensi moja katika faili, kokotoeni heshi, badilini herufi moja, kisha kokotoeni tena.