Usahaulifu na Udhaifu wa Mwili kwa Wagonjwa wa Dayalisisi

Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia mwalimu mstaafu aliyekuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kila alipokuja, uzito wa maji mwilini ulikuwa umepita kiwango tulichomwekea, na potasiamu katika damu ilikuwa juu. Tulimweleza, akaitikia kwa adabu, na wiki iliyofuata hali ikawa ile ile. Katika jalada lake niliandika kwa mkono wangu: "Mgonjwa hafuati maelekezo."

Siku moja muuguzi alimwambia, "Mwalimu, hebu nirudishie tuliyoyazungumza sasa hivi." Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, yamenitoka." Hazikuwa zimepita dakika kumi. Matibabu yalipokwisha, watu wawili walilazimika kumwinua kitini. Usahaulifu huo na udhaifu huo wa miguu vilikuwa mbele ya macho yetu kila wiki, lakini hatukuwa tumeviuliza wala kuvipima.

Makala hii inaeleza kwa nini mambo hayo mawili huandamana, na nini kinachoweza kufanywa na mhudumu wa afya, mgonjwa na jamaa zake.

Tatizo lisiloandikwa

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika eneo la Minneapolis na St. Paul, nchini Marekani, kwa wagonjwa 338 wa dayalisisi wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Walipopimwa uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kupanga mambo, asilimia 37 walikuwa na upungufu mkubwa, na takriban asilimia 13 tu walikuwa katika hali ya kawaida. Hata hivyo, chini ya asilimia 3 ndio waliokuwa na taarifa yoyote ya tatizo hilo katika majalada yao.

Upungufu huu mara nyingi haufanani na usahaulifu wa uzeeni tuliouzoea. Mgonjwa anaweza kusimulia vizuri harusi ya miaka arobaini iliyopita, lakini akashindwa kupanga dawa saba zenye saa tofauti. Kinachoathirika zaidi ni kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga. Ndiyo maana huonekana kama ukaidi au uzembe.

Chanzo chake

Figo na ubongo hutegemea mishipa midogo sana ya damu. Shinikizo la juu la damu na kisukari, ambavyo ni vyanzo vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi, huharibu mishipa ya viungo vyote viwili. Tena, dayalisisi huondoa katika saa nne maji yaliyokusanyika kwa siku mbili au tatu. Yakiondolewa kwa kasi, shinikizo hushuka na damu iendayo kwenye ubongo hupungua. Upungufu wa damu, usingizi mbovu, sonona na baadhi ya dawa huongeza mzigo huo.

Misuli nayo hupungua. Tindikali inayozidi katika damu huivunja, na kila awamu ya dayalisisi huondoka na sehemu ya viini vya protini. Wako wagonjwa wanaoendelea kujinyima nyama, samaki na mayai kwa sababu waliambiwa hivyo kabla ya kuanza dayalisisi. Baada ya kuanza, hitaji la protini huongezeka, kwa kawaida hadi gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Kwa wahudumu wa afya

Msifundishe jambo jipya wakati mashine inaendelea. Tafiti zimeonesha kwamba huo ndio wakati ambapo uwezo wa akili wa mgonjwa uko chini zaidi. Elezeni kabla ya kuanza au siku inayofuata, jambo moja au mawili tu, kwa maandishi makubwa, mbele ya jamaa. Kisha mwombeni mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

Pimeni miguu pia. Mwambieni mgonjwa ainuke kitini na kuketi mara tano bila kutumia mikono. Akichukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, misuli yake ni dhaifu na yuko katika hatari ya kuanguka.

Zuieni mishuko ya shinikizo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa 73, ulionesha kwamba kupoza maji ya dayalisisi kwa nusu nyuzi chini ya joto la mwili wa mgonjwa kulisaidia kuukinga ubongo katika kipindi cha mwaka mmoja. Kagueni pia dawa: baklofeni na gabapentini hulimbikizana mwilini mwa wagonjwa hawa na huweza kuwachanganya akili.

Kwa wagonjwa na jamaa zao

Tembeeni. Nchini Italia, wagonjwa 296 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitembea nyumbani dakika 10 mara mbili kwa siku, katika siku zisizo za dayalisisi, kwa mwendo uliopangwa. Baada ya miezi sita, umbali waliotembea kwa dakika sita uliongezeka kutoka mita 328 hadi 367, ilhali kundi jingine lilibaki karibu pale pale. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017, na hali ya akili kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe iliboreka pia. Anza kidogo kidogo baada ya kushauriana na daktari wako, na usimame ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu.

Punguzeni chumvi, kwa kuwa chumvi ndiyo huleta kiu. Maji yakiwa machache kati ya awamu moja na nyingine, hakuna haja ya kuyaondoa kwa kasi.

Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, akipooza upande mmoja, akipata degedege, au akiumwa kichwa baada ya kuanguka, mpelekeni hospitali mara moja. Wengi hupewa heparini ili damu isigande kwenye mashine, hivyo hata pigo dogo la kichwa linaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya fuvu.

Mwalimu wetu hakupona usahaulifu wake wote. Lakini binti yake alianza kuhudhuria maelezo, karatasi ikabandikwa jikoni, na mzee akawa anazunguka ua wa nyumba asubuhi na jioni. Uzito wa maji ulipungua, na baada ya miezi michache aliinuka kitini peke yake. Katika jalada nilikata mstari wa zamani na kuandika: "Mgonjwa aelezwe kabla ya mashine, kwa maandishi, binti yake akiwepo."